Ukitaka kubomoa gereji yenye paa la asbestosi, soma hapa kwanza

MIEZI michache iliyopita alinijia kliniki mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Nakuru, kupimwa presha. Tulipomaliza shughuli hiyo, akaanza kunisimulia mipango yake. Alitaka kubomoa gereji kuukuu iliyo nyuma ya nyumba yake ili ajenge vyumba viwili vya kukodisha, na kodi hiyo imsaidie kumlipia mjukuu wake karo ya chuo. Fundi alikuwa amekwisha kupatikana. Kazi ingechukua nusu siku, vijana wawili na nyundo zao, na vipande vya paa vingechukuliwa na jirani aliyekuwa akijenga kibanda cha kuku.

"Paa lenyewe ni la nini, mwalimu?" nikamuuliza.

"Ni yale mabati mazito ya kijivu ya zamani, daktari. Yale yasiyoshika kutu."

Nilimwomba asiruhusu nyundo hata moja iguse paa hilo hadi tuzungumze kwa kirefu. Makala ya juma hili ni mazungumzo hayo, kwa maana najua mwalimu huyo hayuko peke yake. Katika mitaa yetu mingi ya zamani, katika nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, maghala na gereji zilizojengwa miaka ya hamsini hadi ya themanini, mapaa ya asbestosi yangaliko. Sasa yamezeeka, na wenye nyumba wanataka kuyaondoa. Jambo hilo ni jema, lakini ni njia ya kuyaondoa itakayoamua iwapo hatari itaondoka pamoja na paa au itabaki vifuani mwetu.

Nami nina sababu yangu ya kulishughulikia jambo hili. Mwaka wa 1993, nikiwa mvulana wa miaka 13, shule niliyosoma ilibadilisha paa la bwalo. Sisi wanafunzi wa madarasa ya juu tuliambiwa tubebe vipande na kuvitupa katika shimo nyuma ya choo. Tulivirushiana. Tulivipasua kwa mawe ili vienee kwenye toroli. Wengine tulivitumia kama chaki kuchora kwenye sakafu ya saruji, na jioni sweta zetu zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Walimu wetu hawakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewaambia. Tangu siku hiyo zaidi ya miaka 30 imepita, na kama utakavyoona hapa chini, huo ndio muda ambao vumbi hili huanza kudai deni lake.

ASBESTOSI NI NINI?

Asbestosi ni madini yanayochimbwa ardhini kama mawe mengine, ila yana tabia ya ajabu: yakipondwa hayawi unga, bali huchambuka na kuwa nyuzi nyembamba kama pamba. Nyuzi hizo haziungui kwa moto wa kawaida, hazioзi na hazili kutu. Ndiyo maana wenye viwanda walizipenda. Walizichanganya na saruji wakatengeneza mabati ya paa, mabomba ya maji na matangi. Wakazifunga kwenye mabomba ya mvuke na kuzitia katika breki za magari.

Kuna aina kadhaa. Inayojulikana zaidi ni ile nyeupe, iitwayo krisotile, ambayo ndiyo iliyotumiwa sana katika mapaa. Nyingine ni ya buluu na ya kahawia. Ya buluu na ya kahawia ni kali zaidi kwa baadhi ya maradhi, lakini usidanganywe na mtu atakayekwambia kwamba nyeupe haina neno. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema aina zote husababisha kansa.

Kwa kawaida bati la asbestosi lina sehemu 10 hadi 15 za nyuzi kwa kila sehemu 100, na zilizobaki ni saruji. Hebu tupige hesabu ya gereji ya gari moja. Tuseme ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani paa la mita mraba 18. Mita mraba moja ya bati hilo huwa na uzani wa karibu kilo 15, hivyo paa zima ni kilo 270. Hata tukichukua sehemu 10 tu kwa 100, juu ya gari lako kuna kilo 27 za nyuzi. Maadamu saruji imezishika, zimelala. Anayeziamsha ni mwenye nyundo.

INAVYODHURU MWILI

Unapovuta hewa yenye vumbi la kawaida, vinyweleo vya pua na ute wa koo hulinasa vumbi hilo, nawe hulitoa kwa kamasi, chafya au makohozi. Uzi wa asbestosi hauzuiliki hivyo. Ni mwembamba mara makumi kuliko unywele wako. Huwezi kuuona, hauna harufu na hauwashi koo. Ukishapeperushwa, unaweza kuelea hewani kwa saa nyingi kabla ya kutua. Ukiuvuta, hupita moja kwa moja hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu.

Huko kuna chembe walinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zinajaribu kuumeza uzi huo, lakini uzi mara nyingi ni mrefu kuliko mlinzi mwenyewe. Mlinzi hushindwa, hufa, na kumwaga kemikali zinazochoma nyama iliyo karibu. Mlinzi mwingine huja, naye yakamfika yayo hayo. Vita hivi vidogo vinaendelea mwaka baada ya mwaka, na kila mahali palipochomeka hubaki kovu. Nyuzi nyingine husafiri hadi kwenye utando unaozunguka mapafu na kukaa humo.

Ni muhimu ufahamu kwamba hatari ni ya kuvuta vumbi hewani. Kulala chini ya paa zima lisilopasuka si sawa na kupumua vumbi lake. Na wengi huniuliza kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo. WHO inasema hakuna ushahidi thabiti kwamba asbestosi inayomezwa katika maji huleta madhara kama ile inayovutwa. Kwa hiyo usiikodolee macho ndoo ya maji ukaisahau nyundo.

MAGONJWA YENYEWE

La kwanza ni asbestosisi. Huu ni ugonjwa wa makovu ya mapafu. Mapafu, ambayo kwa kawaida ni laini kama sifongo, hukakamaa. Mgonjwa hukosa pumzi akipanda ngazi, kisha akitembea tambarare, na mwishowe hata akifunga kamba za viatu. Mara nyingi huwapata waliovuta vumbi jingi kwa miaka mingi, kama wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani. Makovu hayo hayafutiki.

La pili ni kansa ya mapafu. Hapa wavutaji wa sigara wanisikilize vyema. Uchunguzi wa wafanyakazi wa Marekani waliokuwa wakifunga asbestosi kwenye mabomba, uliochapishwa mwaka wa 1979, ulionyesha kwamba asiyevuta sigara lakini aliyefanya kazi na asbestosi alikuwa na hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu mara 5 zaidi ya mtu asiye na hili wala lile. Aliyevuta sigara pekee, mara 11. Lakini aliyeunganisha yote mawili hatari yake ilipita mara 50. Moto wa sigara na vumbi la asbestosi, vikikutana, havijumlishwi, huzidishana.

La tatu ni mesotelioma, kansa ya ule utando wa mapafu au wa tumbo. Ni ugonjwa adimu, lakini ni mkali, na unapogunduliwa mara nyingi umekwisha kuenea. Karibu kila mara chanzo chake ni asbestosi. Huchukua kati ya miaka 20 na 50 kujitokeza, na si lazima mtu awe amevuta vumbi kwa miaka mingi. Kadiri anavyovuta jingi ndivyo hatari inavyopanda, lakini hakuna kiwango ambacho sayansi imekihakikisha kuwa salama kabisa.

Asbestosi pia husababisha kansa ya koo la sauti na ya ovari. WHO inakadiria kwamba duniani kote watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbestosi waliyokutana nayo kazini.

DUNIA ILIJUAJE?

Habari hizi si za jana. Mwaka wa 1924 daktari wa Uingereza, William Cooke, aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu mwanamke aliyekuwa akisokota asbestosi katika kiwanda cha mji wa Rochdale. Jina lake lilikuwa Nellie Kershaw, na alikufa akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa yamejaa makovu. Mwaka wa 1955 mtaalamu Richard Doll alionyesha kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha asbestosi walikuwa wakipata kansa ya mapafu kuliko watu wengine.

Lakini somo lililo karibu nasi zaidi lilitoka Afrika Kusini. Mwaka wa 1960, daktari J.C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao kutoka sehemu za kaskazini-magharibi ya Cape, kulikochimbwa asbestosi ya buluu. Kilichowashtua madaktari ni kwamba si wote waliokuwa wachimba migodi. Wengine walikuwa tu wameishi karibu na migodi hiyo walipokuwa watoto. Walicheza katika mavumbi yale, wakakua, wakahama, na ugonjwa ukawafuata walikohamia.

Uingereza ilipiga marufuku asbestosi ya buluu na ya kahawia mwaka wa 1985, na ile nyeupe mwaka wa 1999. Afrika Kusini, iliyokuwa mchimbaji mkubwa, ilipiga marufuku mwaka wa 2008. Hapa Kenya, kanuni za taka za mwaka wa 2006 chini ya sheria ya mazingira ziliiweka asbestosi katika orodha ya taka hatari, na tangu mwaka huo matumizi yake yalipigwa marufuku. Lakini marufuku hayo hayakupanda juu ya nyumba na kuyashusha mabati yaliyokuwako. Kazi hiyo tumeachiwa wenye nyumba.

UTAITAMBUAJE?

Bati la asbestosi si chuma, ijapokuwa sote huliita bati. Ni la rangi ya kijivu, lina mawimbi, na ni nene kama milimita 6. Ni zito. Ukiligonga kwa kidole halilii kama bati la chuma. Halishiki kutu wala sumaku hailivuti. Likizeeka huota kuvu na mimea midogo ya kijani au nyeusi, na likivunjika utaona nyuzi ndogo zikichomoza kwenye ukingo.

Hata hivyo, yako mabati ya saruji ya siku hizi yanayofanana nalo ambayo hayana asbestosi, na jicho pekee haliwezi kutoa hukumu. Ni maabara tu inayoweza. Kwa hiyo nakupa kanuni rahisi: ikiwa jengo lilijengwa kabla ya mwaka wa 2006 na paa lake ni la saruji yenye mawimbi, lichukulie kuwa ni asbestosi hadi ithibitishwe vinginevyo. Wala usivunje kipande ili uangalie.

JE, NI LAZIMA KUBOMOA?

Si lazima kila mara. Kama paa ni zima, halina nyufa, halimomonyoki na hakuna anayelichokora, linaweza kuachwa na kuangaliwa mara kwa mara. Wengine hulipaka rangi maalumu ya kuzuia nyuzi zisitoke. Lisikwanguliwe kuvu kwa brashi ngumu wala kuoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu, kwani hayo ndiyo yanayoinyofoa saruji na kuziachilia nyuzi. Lisitobolewe ili kufunga antena au taa.

Lakini likiwa limepasuka, linavuja, limeangukiwa na tawi la mti, au unataka kujenga pale, basi kuliondoa ni haki. Na liondolewe kwa utaratibu.

KABLA YA KAZI KUANZA

Fika katika ofisi ya kaunti yako ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA. Mamlaka hiyo ina mwongozo wa kitaifa wa kuondoa na kutupa asbestosi kwa usalama. Waulize ni nani katika eneo lako amepewa idhini ya kazi hii, nani ana leseni ya kusafirisha taka hatari, na ni wapi mzigo huo utapokelewa. Usikubali maneno matupu ya "mimi nimefanya nyingi". Mwambie anayekuja akuonyeshe karatasi zake.

Kumbuka pia kwamba, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, anayewaajiri watu ana wajibu wa kulinda afya yao. Yule kijana wa kibarua aliye juu ya paa ni mtoto wa mtu. Atakuwa na miaka 50 au 60 vumbi la leo litakapomrudia, na wakati huo hatakumbuka hata jina la mtaa wako.

Waarifu majirani siku mbili tatu kabla. Wafunge madirisha, waanue nguo kambani, wawaweke ndani watoto, kuku na mbuzi. Ondoa gari na vyombo vyote katika gereji. Chagua siku isiyo na upepo. Wakazi wa Nakuru wenzangu wanajua ninachosema.

SIKU YA KUBOMOA

Haya ninayoyaandika si ya kukufanya wewe kuwa fundi. Ni ya kukuwezesha kusimama mbali, ukatazama, na kujua kama kazi inafanywa vyema au unafanyiwa mchezo.

Kwanza, hatari ya kuanguka. Hii haingoji miaka 30. Bati kuukuu la asbestosi ni kavu na hupasuka ghafla chini ya mguu. Watu wamevunjika migongo na kufa kwa kuanguka kupitia mapaa haya. Mtu asikanyage bati lenyewe. Afanye kazi kutoka chini akiwa kwenye jukwaa, au juu ya mbao pana zilizolazwa kwenye nguzo za paa.

Pili, mavazi. Barakoa ya kitambaa haisaidii, wala ile ya buluu ya hospitali, wala leso iliyofungwa puani. Inayotakiwa ni barakoa ya kuchuja vumbi laini, yenye alama FFP3 au P100, na ishike uso sawasawa. Mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa itapenya pembeni. Avae ovaroli nyepesi ya kutupwa yenye kofia, glavu na gambuti.

Tatu, maji. Paa linyunyiziwe maji yaliyotiwa sabuni kidogo, polepole, kabla na wakati wa kazi. Pampu ya mgongoni ya shambani inafaa, mradi haina mabaki ya dawa. Mpira wa maji ya kasi haufai. Ila maji hufanya paa liteleze, nayo ni sababu nyingine ya kutolikanyaga.

Nne, yashushwe mazima. Bolti zifunguliwe au zikatwe taratibu, bati moja likishikwa na watu wawili, likakabidhiwa walio chini. Lisitupwe. Pasitumiwe grainda, msumeno wa umeme, drili wala nyundo. Msumari wenye kichwa kilichozama ung'olewe palipolowanishwa. Ukisikia sauti ya kuvunja, simamisha kazi.

Tano, yafungwe. Mabati yawekwe juu ya karatasi nzito ya plastiki iliyotandazwa chini, yafungwe kwa tabaka mbili za karatasi hiyo, yakazwe kwa utepe na kuandikwa wazi kuwa ni asbestosi, hatari, usifungue. Vipande vidogo vitiwe katika mifuko miwili mizito.

Sita, usafi. Sakafu isifagiwe ikiwa kavu. Ilowanishwe, ipanguswe kwa matambara, na matambara hayo yaingie katika mzigo wa taka. Vipande vilivyoanguka kwenye udongo viokotwe kwa mkono wenye glavu. Wafanyakazi wavue ovaroli zikiwa zimelowa, wazitie mfukoni, na barakoa iwe ya mwisho kuvuliwa. Waoge mwili na nywele kabla ya kwenda nyumbani. Katika nchi za viwanda, wako wake wa wafanyakazi waliopata mesotelioma kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao. Mama asikung'ute ovaroli hiyo mlangoni.

TAKA ZIENDE WAPI?

Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Paa limeshushwa vyema, kisha mwenye nyumba anaona uchungu kutupa kitu ambacho kingali kizima. Bati linakuwa ukuta wa choo, kibanda cha kuku, ukingo wa bustani ya sukuma wiki, au kifuniko cha shimo. Vipande vinatiwa kwenye mashimo ya barabara, ambako kila gari linalopita linavisaga upya. Wengine huvichoma pamoja na takataka. Asbestosi haiungui, na bati lenyewe likipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Mzigo wote uchukuliwe na gari lenye leseni hadi mahali palipoidhinishwa, uzikwe kule. Weka karatasi ya kuthibitisha kwamba ulipokelewa. Ukimpa jirani bati la asbestosi bure, hukumpa zawadi. Umemhamishia deni.

KAMA TAYARI UMEVUTA VUMBI

Yamkini unasoma haya ukikumbuka siku uliyovunja paa kama hilo, kama ninavyoikumbuka mimi siku ile ya bwalo. Tafadhali usiingiwe na hofu. Mtu aliyekutana na vumbi hili kwa siku moja au mbili ana hatari ndogo sana, na wengi wa namna hiyo hawataugua kamwe.

Hakuna dawa ya kuziondoa nyuzi mapafuni. Hakuna kipimo cha damu cha kuzihesabu. Picha ya eksirei ukipigwa juma lijalo haitaonyesha kitu, kwa sababu makovu huchukua miaka. Na maziwa, ambayo mafundi wetu hunywa wakiamini yanasafisha kifua, ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni; hayajui njia ya mapafuni.

Unayoweza kufanya ni haya. Ukiwa unavuta sigara, acha; hiyo ndiyo tiba kubwa kuliko zote ninazoweza kukupa. Mweleze daktari wako kwamba uliwahi kufanya kazi na asbestosi, wapi na kwa muda gani, ili aandike katika faili yako. Na ukianza kukosa pumzi pasipo sababu, kukohoa kusikoisha, maumivu ya kifua au kukonda, usingoje. Nenda ukapimwe na ulitaje neno hilo, kwani daktari asipoambiwa huenda akadhani ni kifua kikuu au pumu.

MWALIMU NA FUNDI

Mwalimu wetu aliyafanya haya, ila hayakuwa bure. Gharama ya watu wenye idhini, karatasi za plastiki na gari ilizidi kwa mbali ile ya fundi wa mtaani. Alinung'unika, nami sikumlaumu. Malipo ya uzeeni si mengi. Mwishowe aliamua kujenga chumba kimoja mwaka huu badala ya viwili. Jirani yake wa kuku alinunua wavu.

Juma lililofuata nilipata mgeni ambaye sikumtarajia. Alikuwa yule fundi. Alikuja kwa miguu yake, akakaa, akaweka kofia magotini. Mwalimu alikuwa amemweleza kila kitu.

"Daktari," akasema, "mimi nimevunja mapaa hayo miaka 25. Sikumbuki idadi. Je, mimi?"

Nilimsikiliza kifua, nikampima pumzi, nikamtuma kupigwa picha. Picha haikuonyesha tatizo, na nilimwambia ukweli kwamba picha safi ya leo si hati ya kesho. Tuliandika historia yake yote katika faili. Atarudi kila mwaka. Alikuwa akivuta sigara 10 kwa siku. Alipoondoka aliiacha pakiti juu ya meza yangu. Mara mbili tangu hapo amenipigia simu kuniambia bado hajanunua nyingine.

Aliniachia pia jambo moja ambalo nimeliweka moyoni. Alisema kwamba katika miaka yote hiyo, wenye nyumba walikuwa wakisimama mbali wakati akivunja, wakiziba pua kwa vitambaa kwa sababu ya vumbi. Hakuna hata mmoja aliyempa kitambaa.

FUNZO LA JUMA HILI

Msomaji wangu, tukumbuke haya matano. Paa zima lisichokorwe. Paa lililochakaa liondolewe na wenye idhini, likiwa limeloweshwa na bila kuvunjwa. Bati lisikanyagwe. Taka zisiuzwe, zisigawiwe wala zisichomwe. Na aliyewahi kuvuta vumbi hilo aachane na sigara na amweleze daktari wake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wa paa huzibwa kwa subira, maji na leseni. Ukimwona jirani ameegemeza ngazi kwenye gereji kuukuu, na kijana ameshika nyundo mkononi, vuka ua umwite kabla hajapanda. Mpe gazeti hili.